Anayelipa Deni la Marehemu: Mjadala juu ya Mizuka ya Kisasi katika Filamu za Japani

Miongoni mwa filamu za kutisha zinazohusu mambo ya ghaibu, lipo kundi lililojengwa juu ya madai ya haki. Mtu aliyeuawa kwa dhuluma hurudi akiwa mzuka na kuidai damu yake kwa walio hai, na aghalabu madai hayo huyapitisha katika kitu cha kawaida ambacho hakuna anayekishuku: kanda ya video, simu ya mkononi, mkoba wa mtoto, au nyumba yenyewe. Kundi hili lilipata sura yake mashuhuri nchini Japani mwishoni mwa karne ya 20, pale Hideo Nakata alipoongoza Ringu mwaka 1998 kutokana na riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991, na Takashi Shimizu alipoanzisha mfululizo wa Ju-on mwaka 2000 kwa filamu za video, zilizofuatwa na ile ya majumba ya sinema ya mwaka 2002. Hollywood ilizichukua hadithi zote mbili na kuzitengeneza upya, ya kwanza mwaka 2002 na ya pili mwaka 2004, na tangu hapo mwanamke mwenye nywele ndefu zilizomfunika uso amekuwa alama inayotambuliwa hata na watu ambao hawajapata kuziona filamu zenyewe.

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba filamu ya mzuka wa kisasi ni baraza la mdhulumiwa, yaani mahali ambapo mtu aliyenyimwa haki akiwa hai hupata kusikilizwa baada ya kufa. Sauti tatu zinapokezana. Mtetezi anaiunga mkono hoja kwa kutegemea historia ya imani na ya jukwaa la Japani; Mpinzani anaikataa kwa kutazama ni nani hasa anayekufa katika filamu hizi; na Fundi, ambaye ni mjuzi wa kazi za kamera na jukwaa, anauliza kama hofu inayotengenezwa kwa ustadi inaweza kutwishwa mzigo wa maadili hata kidogo. Kwa kuwa mambo mengi yatakayotajwa hufichuliwa mwishoni mwa filamu, mjadala unachukulia kwamba msomaji yu radhi kuyajua mapema.

Mtetezi: Imani iliyozaa filamu hizi ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na tangu mwanzo ilikuwa na siasa ndani yake. Wajapani wa enzi ya Heian, iliyoanza mwaka 794, waliamini kwamba mtu wa hadhi aliyekufa akiwa ameonewa aliweza kugeuka goryo, yaani roho yenye kinyongo inayoleta tauni, radi na mafuriko mpaka iridhishwe. Mwaka 863 dola yenyewe iliandaa ibada ya hadhara katika bustani ya Shinsen'en, mjini Kyoto, ili kuzituliza roho sita za namna hiyo. Mojawapo ilikuwa ya Mwanamfalme Sawara, aliyefariki mwaka 785 akipelekwa uhamishoni kwa tuhuma za njama, na ambaye mwaka 800 alitunukiwa cheo cha mfalme mkuu ilhali amekwisha kuwa mfupa. Mashuhuri zaidi ni Sugawara no Michizane, mwanazuoni na waziri aliyechongewa na mahasimu wake, akafukuziwa Dazaifu katika kisiwa cha Kyushu mwaka 901, na kufa huko mwaka 903. Miaka iliyofuata maadui zake walikufa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 930 radi ikalipiga jumba la kifalme na kuua watu. Kasri likairudisha heshima yake, likampandisha vyeo, na mwaka 947 likajengwa hekalu la Kitano kwa ajili yake. Leo hii wanafunzi wa Japani humwomba Michizane wafaulu mitihani. Jambo la kuzingatiwa hapa ni utaratibu wake: palikuwa na mlalamikaji, palikuwa na mkosaji aliyejulikana, na palikuwa na fidia iliyotolewa na yule yule aliyekosa. Wakubwa waliowaziba midomo wapinzani wao wakiwa hai walilazimika kukiri mbele ya makaburi yao.

Katika enzi ya Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, mamlaka hayo ya marehemu yaliwafikia wanyonge. Tamthilia ya kabuki iitwayo Tokaido Yotsuya Kaidan, iliyoandikwa na Tsuruya Nanboku wa Nne na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Edo mwaka 1825, inamhusu Oiwa, mke wa Iemon, samurai asiye na bwana. Jirani tajiri anayetaka Iemon amwoe mjukuu wake anampelekea Oiwa sumu kwa jina la dawa, uso wake unaharibika, na mwanamke huyo anakufa katika nyumba ambamo hata mume wake yuko upande wa wanaomwangamiza. Mzuka wa Oiwa hauui ovyo, kwani usiku wa harusi mpya unamtia Iemon kiwi cha macho, naye anamkata bibi harusi na babu yake akidhani anapambana na mizuka. Kisa cha Okiku kina mkondo uo huo: mjakazi anatuhumiwa kupoteza sahani moja kati ya kumi za thamani, anauawa na kutupwa kisimani, na tangu siku hiyo sauti yake husikika usiku ikihesabu sahani kutoka moja hadi tisa. Mke na mjakazi ni watu ambao mabaraza ya wakati wao hayakuwa na haraka ya kuwasikiliza. Jukwaa liliwasikiliza, na filamu imelirithi jukwaa.

Mpinzani: Historia hiyo haina ubishi, lakini utukufu wa mababu haumtakasi mjukuu. Mtetezi ametaja mizuka inayoijua anwani ya adui yake, kisha amesema filamu imeirithi, bila kuonyesha kwamba urithi huo ulifika salama. Tuhuma za filamu hizi na zipimwe kwa orodha ya wanaokufa. Katika Ringu, Sadako Yamamura alipigwa kichwani na Dakta Heihachiro Ikuma, mtu aliyepaswa kumlea, na kutumbukizwa kisimani. Hata hivyo, mtazamaji hamwoni Ikuma akilipa lolote. Wanaolipa ni Tomoko, msichana wa shule, na wenzake watatu, ambao kosa lao lote ni kuitia katika deki kanda iliyobeba laana ya Sadako wakiwa mapumzikoni katika rasi ya Izu, wakafa siku ya saba bila kulijua hata jina la anayewaua. Katika Ju-on ya mwaka 2002, Kayako aliuawa na mume wake kwa sababu ya wivu, na mume mwenyewe naye amekwisha kufa, lakini kifo chake hakikufunga shauri. Anayeingia katika nyumba ile ni Rika, mfanyakazi wa kujitolea aliyetumwa na kituo cha ustawi wa jamii kumhudumia mwanamke mzee asiyejiweza, naye laana inamwandama mpaka inammaliza. Baraza linalomwachia muuaji na kumhukumu muuguzi haliwezi kuitwa baraza la mdhulumiwa.

Zaidi ya hayo, mdhulumiwa anayedaiwa kutetewa anaonyeshwa kwa namna inayomwondolea utu. Sadako hazungumzi, uso wake haupo, na kitu pekee kinachofichuliwa chini ya nywele zake ni jicho linaloua. Mwanamke aliyeonewa anarudishwa kwa watazamaji akiwa kinyaa cha kukimbiwa, na wanaonunua tikiti wanalipia raha ya kumkimbia.

Fundi: Wote wawili wanazungumza kana kwamba mzuka ni mtu aliyefika mahakamani kwa miguu yake mwenyewe, ilhali mzuka wa filamu umetengenezwa, na ni vema kuona ulivyotengenezwa kabla ya kuuhukumu. Tukio la mwisho la Ringu linaanza kwa runinga kujiwasha yenyewe katika chumba cha Ryuji, aliyekuwa mume wa mwandishi wa habari Reiko Asakawa. Picha yenye chenga inaonyesha kisima, mwanamke mwenye gauni jeupe anatoka ndani yake na kuja mbele kwa hatua zinazokatika-katika, anakifikia kioo, kisha mkono wake unatokeza nje ya kioo na kugusa sakafu. Mwigizaji Rie Ino alipigwa picha akitembea kinyumenyume, na filamu ikachezwa kwa kurudishwa nyuma, ndiyo maana mwendo wake ni wa binadamu lakini viungo vinatangulia mahali ambapo jicho halitarajii. Jicho linaloonekana kwa karibu si la mwigizaji huyo, bali ni la mwanamume mmoja wa kikundi cha watengenezaji. Ndani ya hila hiyo hakuna haki wala dhuluma. Kuna elimu ya namna jicho la mtazamaji linavyodanganyika.

Elimu hiyo nayo ni ya kale. Katika tamthilia ya Oiwa kuna tukio ambamo maiti mbili zimepigiliwa misumari pande mbili za ubao mmoja wa mlango, na mwigizaji mmoja huigiza maiti zote mbili kwa kubadilisha sura upesi ubao unapogeuzwa. Kuna pia tukio la Oiwa kuchana nywele mbele ya kioo, na kila anapopitisha kitana nywele zinang'oka mafungu kwa mafungu. Na katika maonyesho mengine mzuka wake hutokea ndani ya taa ya karatasi inayoungua. Mwanamke anayechana nywele mbele ya kioo yumo ndani ya kanda ya Sadako, na taa iliyogeuka mlango imekuwa runinga. Muongozaji wa mwaka 1998 alichukua mbinu zilizokwisha kuthibitishwa na karne nzima na zaidi ya watazamaji, akazitia katika samani ya sebuleni.

Mtetezi: Ndugu Fundi ameieleza mikono ya Sadako lakini hakuzitazama kucha zake. Vidole vinavyogusa sakafu ya chumba cha Ryuji havina kucha, na mtazamaji anajua sababu yake, kwa kuwa muda mfupi uliotangulia Reiko na Ryuji walipokuwa wakikausha kisima walizikuta kucha zimekwama katika mawe ya ukuta wake. Maana yake ni kwamba msichana yule hakufa kwa pigo, bali alitupwa akiwa hai na kujaribu kupanda hadi nguvu zilipomwishia. Hila ya kamera inatia hofu, lakini kucha zilizong'oka ni ushahidi, na ushahidi huo umewekwa pale pale ambapo hofu inafikia kilele ili asiwepo mtu wa kuogopa bila kukumbuka.

Kuhusu lawama kwamba wanaokufa hawana hatia, ni lazima ikumbukwe kwamba dhuluma aliyotendewa Sadako haikuwa ya mtu mmoja. Filamu inaeleza kwamba mama yake, Shizuko, alikuwa na kipawa cha kutabiri, kwamba Ikuma alimpeleka mbele ya waandishi wa habari ili kipawa hicho kijaribiwe, na kwamba walimzomea na kumwita tapeli mpaka mwisho wake ukawa kujitupa katika kasoko ya volkeno ya Mlima Mihara. Kisa hicho kina asili katika historia. Mwaka 1910 Tomokichi Fukurai, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, aliandaa majaribio ya hadhara ya mwanamke aliyeitwa Chizuko Mifune, aliyesemekana kuweza kuyaona mambo yaliyofichwa. Majaribio yakazua shaka, magazeti yakamshambulia, na mwaka uliofuata Mifune akajiua kwa sumu. Mwingine aliyechunguzwa na Fukurai aliitwa Sadako Takahashi. Dhuluma ya aina hii hutendwa na umati unaotazama, unaocheka na kwenda zake. Basi ikiwa waliokosa ni watazamaji, kanda inayomshika kila atazamaye haijakosea anwani. Kuidurufu kanda na kumwonyesha mwingine, jambo ambalo ndilo pekee linalomwokoa aliyeiona, ni sawa na kulazimishwa kuupeleka ushahidi mbele.

Mpinzani: Hiyo ni tafsiri nzuri, lakini filamu yenyewe inaikanusha. Shahidi ni mtu anayejua anachokishuhudia, na kanda ya Sadako haielezi kitu: kuna kioo, kuna herufi zinazotembea-tembea, kuna mtu mwenye kitambaa kichwani anayeonyesha kidole, kuna kisima. Tomoko aliitazama na kufa bila kujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuitwa Sadako. Mtu aliyeidurufu na kuikabidhi kwa jirani amejiokoa yeye, hajamtetea marehemu, na wala hatakiwi kuielewa. Kinachosambaa hapa ni laana, na katika riwaya ya Suzuki jambo hili linawekwa wazi zaidi, kwa sababu huko kanda inafananishwa na kirusi ambacho shabaha yake ni kuzaliana tu.

Jambo kubwa zaidi ni lile analolifanya Reiko kisimani. Amefuata njia yote ambayo Mtetezi ameisifu: amechunguza, amelijua jina la aliyeuawa, amelijua la muuaji, ameshuka katika maji machafu na kulikumbatia fuvu kwa huruma ya mama. Kwa kanuni ya Michizane, shauri lingekwisha hapo. Saa ya Reiko, ambaye naye aliitazama kanda, inapita akiwa yu hai, kila mtu anashusha pumzi, na kesho yake Ryuji anauawa. Filamu imeuonyesha utaratibu wa kale wa kumridhisha marehemu kwa ukamilifu wake, kisha imeubomoa mbele ya macho ya mtazamaji. Haiwezekani kuutumia kama utetezi utaratibu ambao kazi yenyewe imeukataa.

Fundi: Hapa Mpinzani amegusa penye uzito, na jibu lake liko katika kifaa kilichochaguliwa. Wajapani wana mapokeo marefu ya vitu vyenye roho. Hati ya picha ya enzi ya Muromachi inasimulia habari za tsukumogami, yaani vyombo vya nyumbani ambavyo vikitimiza miaka 100 hupata uhai. Watu waliviogopa, wakavitupa nje kabla ya kutimiza karne katika usafi wa mwisho wa mwaka, navyo kwa uchungu wa kutumikishwa na kisha kutupwa vikageuka mazimwi na kulipiza kisasi, mpaka hatimaye vikaongoka na kushika njia ya Buddha. Hadi leo ziko ibada za kuviaga vitu vilivyotumika: tarehe 8 Februari, katika mahekalu ya Tokyo, washonaji huzichoma sindano zao zilizovunjika katika kipande laini cha tofu, yaani jibini ya soya, kama namna ya kuzishukuru na kuzipumzisha, na wanasesere wa zamani huombewa kabla ya kuchomwa moto. Katika mapokeo haya kitu kinakuwa na roho kwa sababu ya umri wake na ya mkono uliokitumia. Kina mwenyewe, kina historia, na kwa hiyo kinaweza kuagwa.

Kanda ya video haina hata kimoja cha hivyo. Mfumo wa VHS ulitolewa na kampuni ya JVC mwaka 1976, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mtu yeyote angeweza kurekodi na kudurufu nyumbani kwake. Kanda ya Sadako haina kichwa wala jina, ni mpya, ni rahisi, na nakala yake ina nguvu ile ile ya asili. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kupelekwa hekaluni, kwa sababu haijulikani ni kipi cha kupeleka. Filamu zilizofuata zilikaza uzi ule ule: katika Kairo ya Kiyoshi Kurosawa ya mwaka 2001 wafu wanapenya kupitia intaneti, na katika Chakushin Ari ya Takashi Miike ya mwaka 2003 kifo kinatangazwa kwa simu inayopigwa kutoka namba ya mhusika mwenyewe. Kwa upande wa ufundi, hapo ndipo hofu ilipobadilika. Zamani mtu aliogopa mahali au chombo fulani. Sasa anaogopa njia ambayo kila chombo kimeunganishwa nayo.

Mtetezi: Lakini Ju-on haina kanda. Ina nyumba moja ya kawaida, yenye ngazi, kabati na dari, na nyumba haidurufiwi.

Fundi: Nyumba haidurufiwi, ila hupangishwa na kuuzwa. Kila anayehamia anarithi kilichotendwa na waliomtangulia, na kila anayetoka anaondoka nacho. Ndiyo maana Kayako anawafuata watu mpaka kazini kwao na vitandani mwao.

Mpinzani: Basi nyumba ile nayo inathibitisha kwamba mzigo unamwangukia asiyehusika nao.

Mtetezi: Inathibitisha kwamba mzigo ulikuwapo na kwamba kuna aliyeuficha alipoitangaza nyumba kuwa ni ya kupangisha. Tena, Mpinzani asisahau filamu nyingine ya Nakata, ile ya mwaka 2002 inayojulikana kama Maji Meusi, ambamo Yoshimi, mama anayepigania malezi ya binti yake mahakamani baada ya ndoa kuvunjika, anahamia katika jengo chakavu linalovuja. Mkoba mwekundu wa mtoto unaotupwa unarudi, unatupwa tena na kurudi tena, mpaka inafahamika kwamba ni wa Mitsuko, mtoto ambaye hakuna aliyekuja kumchukua shuleni, akatembea peke yake hadi nyumbani na kutumbukia katika tangi la maji la paani. Mzuka huu hautaki kuua, unataka mama. Hakuna mtazamaji anayetoka hapo akimwona Mitsuko kuwa kinyaa.

Mpinzani: Mitsuko anampata mama kwa kumnyang'anya mtoto mwingine wa kwake. Waliomtelekeza hawaonekani, msimamizi wa jengo aliyepuuza malalamiko anaendelea na maisha yake, na anayetoa fidia ni mwanamke ambaye tayari ameelemewa kuliko wote. Filamu inagusa moyo, lakini hukumu yake ni ile ile.

Hata hivyo, upo mfano unaodhoofisha upande wangu mwenyewe, na haki inadai utajwe. Katika The Ring, toleo la Marekani lililoongozwa na Gore Verbinski na kuingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani, msichana anaitwa Samara, na hadithi yake imerekebishwa: anaelezwa kuwa alikuwa na nguvu mbaya tangu utoto, kwamba aliwatia wazimu farasi wa shamba na mama yake mlezi, na kwamba mama huyo alimtumbukiza kisimani kwa kukata tamaa. Marekebisho hayo yanafanya kifo chake kionekane kama kosa la kutomaliza kazi. Ikilinganishwa na toleo hilo, ile ya Japani inaonekana kuwa ilikuwa na dhamiri, kwani haikujaribu kumfanya muuaji aonekane kuwa alikuwa na sababu.

Mtetezi: Kwa kukiri hivyo, Mpinzani amekubali kwamba dhuluma ndiyo inayoupa mzuka uzito wake, na kwamba ikiondolewa kinachobaki ni jinamizi tu.

Mpinzani: Amekubali kwamba madai yapo. Hajakubali kwamba yanasikilizwa na anayepaswa kuyasikia.

Kufikia hapo mjadala umejipatia mpaka ulio wazi kuliko ule ulioanza nao. Mtetezi ameshinda katika suala la ushahidi: filamu bora za aina hii huhifadhi kwa uangalifu kumbukumbu ya kosa, kuanzia sumu ya Oiwa hadi kucha za Sadako, na haziruhusu hofu itenganishwe na kosa hilo. Mpinzani ameshinda katika suala la mshtakiwa: mtu aliyetenda hayupo kizimbani, na katika Ringu utaratibu wa kale wa kumtuliza marehemu umejaribiwa ukashindwa. Fundi naye amemwonyesha kila mmoja sababu ya tofauti yao, kwa kueleza kwamba kitu kinachobeba laana kimebadilika kutoka chombo chenye mwenyewe hadi nakala isiyo na asili.

Mambo hayo matatu yakiwekwa pamoja yanaelekea kwenye jibu ambalo hakuna sauti hata moja iliyolitoa kwa ukamilifu. Baraza la enzi ya Heian liliweza kulipa kwa sababu mdaiwa alikuwa dola, na dola haifi pamoja na mtumishi wake. Mfalme mpya aliweza kurudisha vyeo vilivyoporwa na mfalme wa zamani. Iemon naye aliweza kuandamwa kwa sababu alikuwa hai na jina lake lilijulikana. Katika filamu za mwisho wa karne ya 20, mdaiwa ametoweka: daktari hayupo, magazeti yaliyozomea yamekwisha kusahau, familia imevunjika, jengo limebadilisha wapangaji. Deni limebaki bila mtu wa kulikiri, na ndipo linapotafuta mlango wowote ulio wazi. Kwa hiyo filamu hizi hazimhukumu aliyetenda, bali zinamweka kizimbani aliyesalia, na swali analoulizwa linahusu namna atakavyouchukua mzigo ambao hakuufunga yeye.

Kwa mtazamo huo, mwisho wa Ringu ndio kiini chake. Reiko amekwisha kutambua kwamba aliokoka kwa sababu aliidurufu kanda na kumwonyesha Ryuji, na sasa mwanawe mdogo, Yoichi, ameiona na siku zake zinahesabika. Anachukua deki, anaingia katika gari, na kumpigia simu baba yake mzazi kumwambia kwamba ana ombi kwa ajili ya mtoto. Mtu aliyelikumbatia fuvu la marehemu kwa huruma anakwenda kumtwisha laana mzee aliyemzaa, na mtazamaji, badala ya kulaani, anajikuta akimwelewa. Hapa hakuna tena mnyonge na mwonevu wanaotenganishwa kwa mstari ulionyooka. Kuna mlolongo wa watu wa kawaida, kila mmoja akiwa na sababu njema ya kumpasia mwenzake, na huo ndio utaratibu ambao dhuluma nyingi zisizo na mwenyewe huutumia kudumu. Yoshimi wa Maji Meusi anaulizwa swali lilo hilo na kulijibu kwa kubaki na mzigo yeye mwenyewe, na jibu lake linamgharimu kila kitu.

Hoja ya awali, basi, inahitaji kurekebishwa ili isimame. Filamu ya mzuka wa kisasi ni baraza, lakini ni baraza lililochelewa, ambamo mlalamikaji na ushahidi wapo na mshtakiwa hayupo, na linalopimwa ni mwenendo wa warithi. Kutokana na hapo hupatikana kipimo kinachoweza kutumiwa kwa filamu yoyote ya aina hii, iwe ya Japani au ya kwingineko, kwa kuuliza ni nani aliyedhulumu, ni nani anayelipa, na kama kazi yenyewe inaijua tofauti iliyopo kati ya hao wawili. Filamu inayomfanya mdhulumiwa kuwa mwovu wa kuzaliwa, kama The Ring ya mwaka 2002, imelikimbia swali la kwanza, na ile inayoua watu kwa zamu bila kumweka yeyote mbele ya uamuzi imelikimbia la tatu. Ringu na Maji Meusi zinadumu kwa sababu zinayakabili maswali yote matatu, na kwa sababu haziwapi watazamaji faraja ya kudhani kwamba, wangekuwa wao, wangeipeleka kanda ile mahali pengine.